Gari Halihukumiwi kwa Uso



Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo muhula huu limewagawa wapenda magari wa shule yetu makundi mawili, hata wengine hawataki tena kuketi meza moja wakati wa chakula. Jambo lenyewe ni kampuni ya Jaguar ya Uingereza. Kundi moja lasema kampuni hiyo imejiua yenyewe kwa kubuni gari lenye sura mbaya. Kundi la pili lasema imefanya jambo la ushujaa, na ya kuwa wanaoicheka leo wataona haya kesho. Nimewasikiliza wote, nami naona ya kuwa wote wana kosa moja: wanaihukumu kampuni nzima kwa kutazama uso wa gari. Uso ni shahidi mmoja tu, tena si shahidi mkubwa. Mwenye kutaka kutoa hukumu ya haki hana budi kuwaita mashahidi wengine, nao ni bei, wakati, na hesabu ya mauzo pamoja na sababu za hesabu hiyo.

Yafaa kwanza nieleze habari yenyewe, kwa ajili ya wazazi na wenzetu wasioshughulika na magari. Kampuni hii ilianza mwaka 1922 katika mji wa Blackpool, ikitengeneza vigari vya kufungwa ubavuni mwa pikipiki. Mmoja wa waanzilishi wake wawili alikuwa William Lyons, mtu mwenye jicho kali la uzuri. Jina la Jaguar lilianza kutumika mwaka 1935. Baadaye magari yake yalishinda mara saba katika mashindano makubwa ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa, na mwaka 1961 kampuni ilitoa gari liitwalo E-Type, ambalo watu wengi hulihesabu kuwa miongoni mwa magari mazuri kabisa yaliyopata kutengenezwa. Mwaka 1989 kampuni ilinunuliwa na Ford ya Marekani, na mwaka 2008 Ford waliiuza, pamoja na Land Rover, kwa kampuni ya Tata ya Bara Hindi.

Basi, mwezi wa Novemba 2024 Jaguar walitoa nembo mpya na filamu fupi ya tangazo. Katika filamu ile walionekana watu waliovaa nguo za rangi kali, lakini gari halikuonekana hata moja. Mwanzo wa Desemba wakaonyesha gari la mfano mjini Miami, Marekani, wakaliita Type 00. Lina milango miwili, boneti ndefu sana, na nyuma halina kioo. Moja lilipakwa rangi ya waridi na jingine rangi ya buluu. Hilo ni la kuonyesha tu, si la kuuza. Kampuni ilisema ya kuwa gari la kuuza litakuwa na milango minne, litakwenda kwa umeme peke yake, litaweza kwenda hadi kilomita 770 kabla ya kutiwa umeme tena, na bei yake itazidi pauni 100,000. Dunia nzima ikapiga kelele. Kelele hizo zikafika mpaka mabwenini kwetu.

Sasa tuwachukue wale wasemao Jaguar imejiua. Silaha yao kubwa ni hesabu moja. Mwezi wa Aprili 2025, Jaguar mpya zilizosajiliwa katika nchi za Ulaya zilikuwa 49 tu, na mwezi kama huo mwaka 2024 zilikuwa 1,961. Yaani zilipungua kwa asilimia 97.5. Mwenzangu mmoja aliandika tarakimu hizo ubaoni, akaweka chaki chini, akaketi kama mtu aliyekwisha kumaliza kesi. Wengi wakapiga makofi.

Tarakimu ni za kweli, lakini maana waliyoitoa si ya kweli. Katika mwaka 2024 kampuni ilikwisha kuacha kutengeneza magari yake kadhaa, yaani XE, XF na F-Type, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule iliacha kuuza magari mapya huko Uingereza kwenyewe. Ilifanya hivyo kwa makusudi, ili ipumzike kabla ya kuleta magari ya umeme. Tena mpango wa kuwa kampuni ya umeme mtupu ulitangazwa tangu Februari 2021, karibu miaka minne kabla ya filamu ile. Mwenye duka akiondoa bidhaa zote ili alijenge duka upya, hatuwezi kusimama mlangoni jioni na kusema, “Tazameni, leo hakuuza sukari, kwa hiyo wateja wamechukia rangi ya kibao chake.” Hakuuza sukari kwa sababu hakuwa na sukari.

Wala ugonjwa wa Jaguar haukuanza na filamu. Mwaka 2018 kampuni iliuza magari karibu 180,000 duniani. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2024, yaliyouzwa hayakufika 70,000. Wakati huo nembo ilikuwa ile ile ya zamani, chui yule yule, na sura zile zile ambazo wenzetu wanazililia leo. Kama sura hizo zilikuwa dawa, mbona mgonjwa alizidi kukonda?

Hapo ndipo wengine wa kundi hilo husema, “Basi, wangerudi kwenye sura za zamani kabisa, za siku za Bwana Lyons.” Hoja hii yapendeza masikioni, lakini ilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1998 Jaguar walionyesha S-Type mpya, iliyofanana kwa makusudi na magari yao ya miaka ya 1960. Mwaka 2001 wakatoa X-Type, ndogo na ya bei nafuu kidogo, nayo ilivaa sura ya kale juu ya misingi ya gari la Ford Mondeo. Walitumaini kuuza 100,000 kwa mwaka, nao hawakupata kufika huko hata mwaka mmoja. Mwaka 2003 wakatoa XJ mpya. Mwili wake ulikuwa wa alumini, kazi ya ufundi wa hali ya juu, lakini kwa macho ilionekana kama XJ ya zamani. Wapenzi wa zamani waliisifu, na wanunuzi wapya wakaenda kwa Mercedes-Benz na BMW. Mwaka 2007 kampuni iliachana na sura za kale ilipotoa XF.

Na hapa nataka nitaje jambo ambalo wapenda magari hawapendi kuliskia. Gari la Jaguar lililosifiwa mno katika miaka ya karibuni ni F-Type ya mwaka 2013, gari la chini, la kasi, lenye sauti ya kutikisa madirisha. Picha yake imebandikwa ndani ya masanduku mengi ya mabwenini. Lakini gari lililowapatia fedha ni F-Pace ya mwaka 2016, gari refu la familia, la kupeleka watoto shule na kubeba mizigo. Hilo ndilo lililouzwa kuliko mengine yote. Tena mwaka 2019 gari lao la kwanza la umeme, I-Pace, lilipewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya na tuzo ya gari bora la mwaka duniani. Hata hivyo mauzo ya kampuni yaliendelea kushuka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu wahenga, lakini katika biashara ya magari chema nacho chahitaji miguu ya kutembea. Anayesifu ni mmoja, na anayetoa fedha ni mwingine.

Nisiwaache kundi la pili wakicheka, maana nao wana deni lao. Wao husema, “Kila kitu kipya huchekwa kwanza. Hata E-Type ilichekwa.” Sivyo. E-Type ilipoonyeshwa Geneva mwezi wa Machi 1961 ilishangiliwa siku ile ile, na watu walitaka kuinunua mara moja. Haikungoja miaka ili ieleweke. Basi wasimsingizie marehemu Lyons mateso ambayo hakuyapata.

Mfano ambao ungewafaa ni wa BMW. Mwaka 2001 kampuni hiyo ya Ujerumani ilitoa 7 Series mpya iliyobuniwa chini ya Mmarekani Chris Bangle. Buti lake lilionekana kama kifuniko kilichowekwa juu ya sufuria isiyokuwa yake. Watu walikasirika, wakakusanya hata majina ya kutaka Bwana Bangle afukuzwe kazi. Lakini gari hilo liliuzwa kuliko 7 Series zote zilizolitangulia, naye Bwana Bangle akabaki kazini mpaka mwaka 2009.

Lakini upande wa pili wa mizani kuna Edsel. Mwezi wa Septemba 1957 kampuni ya Ford ilitoa magari ya jina hilo, kwa kumbukumbu ya Edsel Ford, mwana wa Henry Ford. Kabla ya hapo walitangaza kwa miezi mingi bila kuonyesha gari lenyewe, hata watu wakatazamia muujiza. Siku ilipofika wakaona gari lenye matundu ya hewa yaliyosimama wima katikati ya uso, wakasema lafanana na kitanzi cha shingoni mwa farasi wa kukokota mizigo. Magari ya Edsel yaliyotengenezwa Marekani kwa mwaka wa kwanza yalikuwa 63,110, kwa mwaka wa pili 44,891, na kwa mwaka wa tatu 2,846 tu. Mwezi wa Novemba 1959 Ford wakaacha. Hasara yake hukisiwa kuwa dola milioni 250.

Watu wengi hufunga habari ya Edsel hapo, wakasema, “Uso ndio uliowaua.” Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo! Ukweli ni kwamba mipango yake ilifanywa katika miaka ya neema, na gari likafika sokoni wakati uchumi wa Marekani umeanguka, nao wanunuzi wakageukia magari madogo ya bei rahisi. Bei zake zilipandana na bei za Mercury, gari jingine la Ford wenyewe, hata mnunuzi hakujua tofauti. Tena mengi yalitoka kiwandani yakiwa na kasoro, na vifungo vya kubadilishia gia, vilivyowekwa katikati ya usukani, vilileta taabu. Uso ulichekwa, lakini ulichekwa juu ya mwili ambao tayari ulikuwa mgonjwa.

Basi tumepata nini? 7 Series ilichekwa ikauzwa. Edsel ilichekwa ikafa. E-Type ilisifiwa ikauzwa. I-Pace ilisifiwa, wala sifa hazikuiokoa kampuni. Mwanafunzi yeyote wa sayansi aweza kuona ya kuwa kicheko na sifa si vipimo vya kutegemewa. Hatupimi joto kwa rula.

Wasomaji wataniuliza, “Wewe mwenyewe wasemaje?” Nami sitakimbia swali. Nasema Jaguar walikuwa na haki ya kubadilika. Kampuni iliyoshuka kutoka 180,000 hadi chini ya 70,000 kwa miaka sita haiwezi kuambiwa ikae ilivyo. Kushindana na Wajerumani kwa wingi wa magari hawakuweza. Kuuza magari machache ya bei kubwa ni mpango wenye akili ndani yake.

Lakini hatari naiona mahali pawili. Ya kwanza ni wakati. Mpango ulipotangazwa mwaka 2021 kila kampuni ilidhani matajiri wangekimbilia magari ya umeme. Mambo hayakwenda hivyo. Porsche waliuza Taycan, gari lao la fahari la umeme, 40,629 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakauza 20,836, karibu nusu. Kama Porsche, wenye jina zito na maduka yaliyojaa, waliteleza hivyo, Jaguar wanapita njia ile ile wakiwa na mzigo mzito zaidi. Hapo wanafanana na Edsel kuliko katika sura yoyote: gari lililopangwa katika hali moja ya soko na kufika katika hali nyingine.

Hatari ya pili ni kuliacha duka tupu. Mteja wa zamani ambaye gari lake limechakaa hawezi kungoja mwaka mzima na zaidi. Atakwenda kwa jirani, na akizoea huko harudi. Wahenga walionya, usiache mbachao kwa msala upitao. Jaguar waliuacha mbacha wao kabla msala mpya haujashonwa. Hilo ndilo kosa ambalo mimi ningewashitaki nalo. Rangi ya waridi naifutia mashitaka.

Sasa nataka kusema neno zito kidogo. Katika ubishi wetu wako waliofurahi, wakasema heri kampuni ile ife ili ijifunze. Ndugu zangu, kampuni haifi peke yake. Mwishoni mwa Agosti 2025 wahalifu waliingilia mitambo ya kompyuta ya Jaguar Land Rover, na viwanda vikasimama kwa wiki kadhaa. Kampuni hiyo ina wafanyakazi zaidi ya 30,000 katika Uingereza, na nyuma yao wako wengine wengi zaidi katika viwanda vidogo vinavyowaletea nati, viti, taa na nyaya. Viwanda hivyo vidogo ndivyo vilivyoumia upesi, hata serikali ya Uingereza ikadhamini mkopo wa pauni bilioni 1.5 ili fedha ziendelee kuwafikia. Hiyo ilikuwa ni kusimama kwa muda tu. Kufa kabisa kungekuwaje? Mtu akatazama picha ya gari asilolipenda akaomba maelfu ya baba na mama wakose mishahara, huyo hapendi magari. Anapenda kushinda ubishi.

Jambo hili halipo mbali nasi kama tunavyodhani. Land Rover, ndugu wa Jaguar katika nyumba moja, twaijua sana. Ilibeba mabwana shamba, madaktari na walimu katika nchi yetu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari hayo walikusanyika Arusha kwa mamia, mengine yakiwa na umri wa babu zetu. Hakuna aliyepata kusema Land Rover ya zamani ni nzuri wa sura. Ni sanduku lenye magurudumu. Lakini bati lake halishiki kutu upesi, injini yake fundi huifungua kandokando ya barabara, na spea zake hupatikana. Kwa hiyo imeishi, na kupendwa, na sasa hata sura yake yaonekana nzuri kwa sababu ya kazi iliyofanya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ubaya wa sanduku, ndani yaweza kuwa chuma imara.

Wazazi wetu wanalijua hili bila kufundishwa. Mzazi anaponunua gari lililokwisha kutumika Japani, huuliza linakunywa mafuta kiasi gani, spea ziko wapi, na akitaka kuliuza baada ya miaka mitano atapata shilingi ngapi. Uso huutazama mwisho. Sisi wanafunzi, ambao hatujanunua hata tairi moja, huanza na uso na mara nyingi huishia hapo hapo.

Sisemi tuache kubishana. Ubishi wa magari umewafundisha wenzetu wengi somo la fizikia kuliko walivyokiri mbele ya mwalimu. Nasema tubishane kwa utaratibu. Mtu akileta hesabu ya mauzo, aulizwe: je, magari yalikuwapo ya kuuza? Akileta sifa au kicheko, aulizwe: je, hao wanaosifu au kucheka ndio wanunuzi? Akileta mpango wa miaka ijayo, aulizwe: je, gari litafika wakati gani, kwa bei gani, na mpaka hapo wafanyakazi watakula nini? Akishindwa kujibu, aketi kwa heshima, akatafute majibu, arudi wiki ijayo.

Wako miongoni mwetu watakaokuwa mafundi, wahandisi na wafanya biashara. Siku moja watu watakuja kuwauliza kama kiwanda fulani kijengwe au kifungwe, kama gari fulani liagizwe au liachwe. Wakati huo haitatosha kusema, “Uso wake sikuupenda.” Tuanze kujizoeza sasa, maana kwa sasa tukikosea hakuna anayepoteza kazi yake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne